Paa ni ya nani? Historia ya wachezaji wa bolsi na nyumba zao

Ndugu zangu wa-licencié, na ninyi wadogo wetu mungali mu auditware,

Kila association yetu inaanza na vitu vitatu: jina, kashe, na tisheti. Kitu cha ine, ni kusema nyumba, kinakuja nyuma sana ao hakikuje kabisa. Tunakutana mu sale ya parokia, mu darasa siku ya posho, ao kwa memba mumoja mwenye kuwa na parsele kubwa. Siku ile parokia iko na ndoa, mukutano unakufa. Siku ile yule memba anahama muji, association nayo inahama na yeye.

Leo nataka tufuate historia ya watu wenye walikutana na shida hii mbele yetu. Hawakuwa wanasiasa wala matajiri. Ni wachezaji wa muchezo mumoja wa Uingereza wenye watu wengi wanazania ni wa wazee tu. Lakini muchezo huu, kama unaufuata muzuri, unaonyesha kitu kimoja: anayeshika paa njo anashika muchezo.

Muchezo wenyewe

Unaitwa bolsi. Ni ndugu ya petanki tunayoijua, lakini hapa mupira hautupwe juu, unaviringishwa chini. Kwanza unatuma kampira kadogo keupe, kisha kila mutu anaviringisha mipira yake kusudi ikaribie kale kadogo. Ugumu uko hapa: mupira wa bolsi haukuchongwa duara kamili. Upande mumoja uko tofauti kidogo, kwa hiyo kadiri unavyopunguza mwendo, njo unavyopinda. Ukilenga moja kwa moja hautafika. Lazima ulenge pembeni, na umwachie mupira ujirudie wenyewe. Zamani ile mipira ilichongwa mu mti mugumu sana, lignum vitae, wenye kutoka visiwa vya Karibe. Leo ni plastiki ngumu.

Ni muchezo wa zamani. Mu muji wa Southampton kuko uwanja wenye unahesabiwa tangu mwaka wa 1299. Na tangu zamani ile, swali halikuwa paka nani anajua kucheza. Swali lilikuwa: nani yuko na ruhusa ya kucheza?

Sheria ya 1541

Mufalme Henry VIII alitoa sheria mu mwaka wa 1541. Alitaka wanaume wazoee kupiga mishale, juu mishale ilikuwa silaha ya vita, na aliona michezo kama bolsi inawapotezea wakati. Lakini sheria haikukata wote sawasawa. Fundi, mulimaji, mufanyakazi wa mukono, mwanafunzi wa ufundi, boyi wa nyumba: hao wote walikatazwa kucheza, isipokuwa wakati wa Noeli, na hata pale, mu nyumba ya bwana wao na mbele ya macho yake. Lakini mwenye udongo wa kumuletea paundi 100 kwa mwaka aliweza kupewa ruhusa ya kuchezesha watu wake mu uwanja wake mwenyewe.

Tuangalie muzuri ile sheria inasema nini. Mutajiri anacheza juu iko na uwanja. Masikini anacheza paka kama mwenye uwanja anamutazama. Na sheria hiyo haikufutwa haraka: ilikaa mu vitabu mpaka 1845, ni kusema zaidi ya miaka 300.

Scotland haikukuwa chini ya sheria ile, na njo kule muchezo ulipata nguvu. Mu miaka ya 1848 na 1849, mutu mumoja wa Glasgow, William Wallace Mitchell, aliandika kanuni za muchezo kusudi watu wa kila muji wacheze namna moja. Kanuni nyingi za leo zilitoka mu ile karatasi yake.

Masini ya kukata majani

Hapa muniruhusu niongee kidogo kama mutu wa agronomia.

Uwanja wa bolsi si uwanja wa mupira wa miguu. Unaomba majani mafupi sana, ya sawasawa, yenye mizizi iliyoshikana kama tapi. Zamani kazi ile ilifanywa na kondoo, ao na watu wenye kushika mundu mukubwa asubuhi mapema, wakati umande ungali ku majani. Ni mwenye pesa mingi tu aliweza kulipa watu wale. Mu mwaka wa 1830, Mwingereza Edwin Budding, wa upande wa Stroud, aliona masini ya kiwanda cha nguo yenye kunyoa manyoya ya kitambaa. Akajiuliza: kama inanyoa kitambaa, juu ya nini isinyoe majani? Akatengeneza masini ya kwanza ya kukata majani. Polepole, kikundi cha watu wa kawaida kikaweza kutunza uwanja bila jeshi la watumishi.

Lakini masini haiwezi kushinda hali ya hewa. Kwetu majani inasimama kukomaa wakati mvua inakosekana. Kule inasimama juu ya baridi: chini ya digri 5 ao 6 hivi, majani ya nchi za baridi inalala. Ukiyakanyaga wakati udongo umelowa na maji, umeharibu uwanja mupaka mwaka unaofuata. Kwa hiyo bolsi ya inje inaanza mwezi wa 4 na inafunga mwezi wa 9. Miezi ingine, mipira inalala mu sanduku, na wachezaji, wengi wao watu wazima, wanabaki nyumbani mu giza na baridi.

Njo kule wazo la kucheza ndani lilitoka: tuondoe majani, tutandike tapi.

Paa mbili za wengine

Mu mwaka wa 1905, mu muji wa Edinburgh, wachezaji walianzisha chama cha bolsi cha wakati wa baridi. Walicheza ndani ya Synod Hall, nyumba kubwa ya muji, kule chini, mu mwangaza wa taa.

Mu miaka hiyo hiyo, London nayo ilijaribu. Huko mutu wa mbele alikuwa W. G. Grace, munganga na muchezaji wa kriketi mwenye jina kubwa kuliko wote wa wakati wake. Mu uzee wake alipenda bolsi, na mu 1903 alikuwa prezida wa kwanza wa chama cha bolsi cha Uingereza. Yeye alifanya watandike tapi ndani ya Crystal Palace, ile nyumba kubwa sana ya vioo na vyuma, yenye ilijengwa kwa maonyesho makubwa ya 1851 na kisha ikahamishwa kusini mwa London.

Nyumba mbili za ajabu. Lakini hakuna hata moja yenye ilikuwa ya wachezaji. Na mwisho wake? Crystal Palace iliungua usiku wa tarehe 30 mwezi wa 11, 1936. Synod Hall nayo ilibomolewa mu miaka ya 1960, juu muji ulitaka kujenga pale nyumba kubwa ya opera. Ile opera haikujengwa. Pahali palibaki shimo kwa miaka mingi, mpaka watu wa Edinburgh wakapazoea kama shimo tu.

Sisemi muji ulikuwa na roho mubaya. Mwenye nyumba iko na hesabu yake, na mu hesabu yake wachezaji wa bolsi ni musitari mudogo. Ilikuwa vile vile na viwanja vingi vya nyuma ya nyumba za pombe, zaidi kaskazini mwa Uingereza. Mwenye pombe alifungua uwanja kusudi wachezaji wanywe kwake. Siku aliona pahali pale panaweza kuleta feza zaidi kama parkingi ao nyumba za kuuzisha, uwanja ulikufa. Wachezaji waliweza kulia, lakini hawakuwa na kura.

Juu ya nini paa ni gali

Mutu anaweza kuuliza: basi si wajenge yao? Tufanye hesabu. Njia moja ya kuchezea ndani inaomba urefu wa zaidi ya metre 30 na upana wa metre 5 hivi. Tuseme kundi linaomba njia sita. Tayari tuko na uwanja wa metre 30 kwa 30 na zaidi. Na mu kati hauwezi kuweka nguzo hata moja, zambi nguzo itazuia mipira. Ni kusema paa yote lazima ibebwe na vyuma virefu kutoka ukuta mpaka ukuta. Kisha sakafu: tapi inaomba chini sawa kabisa, juu mupira wa bolsi unasikia hata kamwinuko kadogo. Ongeza mwangaza, moto wa kupasha nyumba, vyoo, jiko. Hii si kibanda cha mabati.

Hakuna mwalimu ao fundi wa treni mwenye ataijenga peke yake. Mbele yake njia ni tatu: kungojea leta, kungojea tajiri, ao kuchangiana.

Tajiri kwanza, kisha wenyewe

Njia ya tajiri ilijaribiwa, na iko na somo lake. Mu mwezi wa 6 wa 1862, muchungaji Henry Solly alianzisha muungano wa makundi ya wafanyakazi wa Uingereza, kusudi wapate nyumba ya kukutana, kusoma na kucheza. Mabwana wakubwa walitoa feza. Lakini mwenye kutoa feza anatoa na masharti. Bwana Solly hakutaka pombe ndani. Mabwana walikaa mu komite, wafanyakazi walikaa ku viti vya wageni mu nyumba yenye ilisemwa ni yao.

Haikukawia. Baada ya miaka michache bia iliruhusiwa, na pale hesabu ikabadilika: feza ya bia ilitosha kulipa nyumba, basi zawadi ya bwana haikuwa ya lazima tena. Mu miaka ya 1880 makundi yenyewe yalishika uongozi wa muungano. Wengine watacheka kwamba ni pombe njo iliwakomboa. Mimi nasoma hivi: walijitawala siku walipata feza yao wenyewe ya kila juma, hata kama ni ndogo.

Lakini feza peke yake haitoshe. Inaomba sheria, na hapa tunafika Rochdale. Mu muji ule wa viwanda vya nguo, watu 28 walikubaliana kila mutu atoe paundi 1. Paundi 1 ilikuwa pensi 240, na wengi walilipa kidogo kidogo, pensi 2 kisha pensi 3 kwa juma. Tarehe 21 mwezi wa 12, 1844, walifungua duka lao: unga, siagi, sukari, kidogo kidogo tu. Jirani walicheka. Lakini kanuni yao ilikuwa na nguvu: mutu mumoja, kura moja, hata kama umeweka feza mingi kuliko wengine.

Mu 1852 bunge la Uingereza lilitoa sheria ya vyama vya namna ile, na mu 1862 sheria ingine ikaongeza kitu cha maana sana: chama kikianguka, memba anapoteza paka ile feza aliweka ndani, hawakuje kumukamatia kitanda na masufuria. Bila ile sheria, nani angekubali kutia jina lake mu deni ya nyumba kubwa? Sheria iliyotengenezwa kwa wauza-unga njo baadaye ilikopesha mugongo kwa wachezaji. Makundi mengi ya bolsi ya ndani yaliandikishwa mu sheria za mustari ule, ao kama sosiete isiyogawanya faida, yenye kila memba anajibu kwa feza kidogo tu.

Namna kundi linazaliwa

Makundi ya ndani yaliongezeka zaidi baada ya vita ya pili ya dunia. Mu 1971 chama cha bolsi ya ndani cha Uingereza kiliundwa. Mu 1979 shindano la dunia la bolsi ya ndani lilichezwa mara ya kwanza, mu muji wa Coatbridge, Scotland, na David Bryant, mwalimu wa zamani mwenye kipipa chake mu mudomo, alishinda, kisha akashinda tena 1980 na 1981. Televisheni ilionyesha, na mu miji mingi watu walisema: na sisi tunataka.

Kwa kawaida mambo yalienda hivi. Watu kumi hivi wanaunda komite. Hawaanze na plani ya nyumba, wanaanza na liste: nani ataingia, na atatoa ngapi mbele hata tofali moja halijawekwa? Liste ile njo inaonyeshwa kwa komine, kusudi itoe udongo kwa kupangisha miaka mingi na kwa bei ndogo. Kisha feza inatafutwa upande tano ao sita mara moja. Kila memba analipa ya kuingia. Wenye kuweza wanakopesha kundi, mara mingi bila faida, na wanapewa karatasi ya deni. Banki inatoa sehemu. Kiwanda cha bia kinakopesha kwa sharti kwamba buvete itauza bia yake. Mashirika ya leta ya michezo yanaongeza, na tangu miaka ya 1990 feza ya loto ya taifa pia inasaidia michezo.

Halafu nyumba inasimama, na kazi njo inaanza. Nani anafagia tapi? Wanamemba. Nani anapika chakula ya mashindano? Wanamemba. Kasha inahesabiwa na mutu mwenye alikuwa kontabu mbele ya pansio. Mwisho wa mwaka iko mukutano mukuu, hesabu inasomwa, na yule mwenye kufagia iko na kura moja sawa na yule mwenye kukopesha feza mingi.

Paa haiponyeshe kila kitu

Tusipake historia hii rangi nzuri tu. Kuwa na nyumba yenu hakuondoe swali "ninyi ni nani?" Mu muungano ule wa Solly, wanawake walikaa miaka mingi kama wageni wa waume zao. Walikunywa mle, walicheza mle, lakini haki sawa ya memba mu muungano wote walipata mu mwezi wa 4 wa 2007. Elfu mbili na saba! Wanaume walifukuza mabwana, kisha wakageuka mabwana. Ku bolsi wanawake hawakungojea: mu 1931 walianzisha chama chao cha Uingereza.

Tena, mwenye nyumba njo mwenye mizigo. Mu 2020 Covid ilifunga milango, lakini bima na kutunza nyumba havikufungwa. Mu 2022 bei ya umeme na gazi ilipanda mu Ulaya yote, na sale kubwa ya kupashwa moto wakati wa baridi ikawa shimo la feza. Wanamemba wengi ni wazee, wanakufa, na vijana hawaingie kwa haraka. Makundi mingine yalifunga. Lakini tuone tofauti: kundi lenye nyumba yake likifunga, linafunga kwa kura ya mukutano, baada ya kusoma hesabu. Hakuna mutu mwenye aliwakuta asubuhi na kufuli mupya ku mulango.

Na sisi?

Najua mutasema: sisi tunajua kuchangiana, tuko na likelemba, vijiji viko na AVEC. Ni kweli, na ni nguvu kubwa. Lakini tuangalie ufundi wake. Likelemba inakusanya feza na inamupa mumoja, kisha mwengine. AVEC inaweka akiba na mwisho wa mzunguko inagawanya. Zote mbili zinafanya feza irudi mu mufuko wa mutu. Paa inaomba feza yenye hairudi, ao inarudi polepole sana. Wale watu wa Rochdale na wa bolsi walikubali kitu kigumu kuliko kutoa: walikubali kuacha.

Sheria tuko nazo. Ile ya tarehe 20 mwezi wa 7, 2001 inaongoza ASBL, yenye haiwezi kutafutia wanamemba faida ya mali. Na tangu 2012 Kongo iko mu OHADA, yenye Akti yake ya 2010 inaruhusu koperative kuanza na watu watano, mutu mumoja kura moja, bila kuangalia nani aliweka sehemu ngapi. Karatasi si kizuizi. Kizuizi ni mapatano yenye kuandikwa: feza ya nyumba iko wapi, nani hawezi kuigusa, na memba akitoka anarudishiwa nini.

Kwa hiyo ku mukutano unaokuja, mbele ya kuongea rangi ya tisheti, tuweke maulizo matatu ku ajenda. Pahali tunakutania ni pa nani? Akitufukuza kesho, tunaenda wapi? Na kati yetu, nani yuko tayari kutoa feza yenye hatarudishiwa? Tuandike majina ya wale wanaojibu "mimi" ku ulizo la tatu. Hata kama ni watano tu, koperative inaweza kuanza na watano.